Tiketi ya Mtumbwi: Uchambuzi wa Kisa cha Mfereji wa Stratford, Warwickshire, 1958–1988

Kisa chenyewe na mipaka yake

Kisa hiki kinahusu kipande cha mfereji chenye urefu wa maili 13, yaani kilomita 21 hivi, katika kaunti ya Warwickshire, katikati ya Uingereza. Mwaka 1958 halmashauri ya kaunti ilitaka kipande hicho kifutwe kisheria. Mwaka 1964 kilifunguliwa upya kwa shangwe mbele ya mama yake malkia, na mwaka 1988 taasisi iliyokiokoa ilikikabidhi kwa wengine baada ya kubeba gharama zake kwa robo karne. Nimekichagua kwa sababu husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushindi, na kikisimuliwa hivyo hukomea mwaka 1964, ilhali kwa mtu anayeshughulika na hifadhi ya urithi mambo mazito zaidi yalitokea baada ya wageni kuondoka.

Mahali hapawezi kufichwa, kwani mfereji wenye madaraja ya chuma yaliyopasuliwa katikati na nyumba za walinzi zenye paa za duara haufanani na mwingine wowote nchini humo. Watu ni jambo jingine. Wenye mtumbwi, msimamizi wa kazi, wafungwa, askari na madiwani nimewataja kwa nafasi zao tu, kwa kuwa kinachochunguzwa hapa ni maamuzi wala si sifa au lawama za mtu. Majina niliyoyaacha ni ya taasisi, pamoja na waanzilishi wawili wa harakati za mifereji ambao wameshaingia katika historia ya nchi yao.

Mfereji, malango na mashua

Mfereji wa Stratford-upon-Avon uliidhinishwa na Bunge mwaka 1793, wakati wenye mitaji wa Uingereza walipokuwa wameshikwa na homa ya kuchimba mifereji. Uchimbaji ulianzia Kings Norton, kusini mwa Birmingham, fedha zikakauka njiani, kazi ikasimama kwa miaka, na mfereji haukufika Stratford hadi mwaka 1816. Sehemu ya kusini, inayoanzia Kingswood na kuishia katika mji alikozaliwa Shakespeare, ndiyo inayotuhusu, nayo ina malango 36.

Neno hilo linahitaji maelezo. Lango la maji ninalolizungumzia ni chumba kirefu cha matofali chenye milango ya mbao mbele na nyuma, ambamo mashua huingia, maji yakajazwa au yakapunguzwa, nayo ikapanda au ikashuka hadi usawa wa mfereji unaofuata. Kila mashua inayoshuka humwaga chini zaidi ya lita 100,000 za maji, na ndiyo sababu juu ya mfereji, huko Earlswood, yalichimbwa mabwawa ya kuulisha. Malango haya yana upana wa futi saba tu, na upana huo ndio uliozaa mashua nyembamba: chombo chenye urefu wa takriban mita 21 na upana wa mita 2.1, mara kumi kwa moja, kilichobeba tani 25 hivi za makaa, chokaa, nafaka au chumvi nyuma ya farasi mmoja. Umbo hilo halikutokana na hiari ya seremala, kwani mashua iliyozidi upana huo hata kidogo haikuingia kazini.

Reli zilipoanza kuwanyang'anya wabebaji mizigo yao katika karne ya 19, nauli za mifereji zilishuka, na wenye mashua wengi waliacha nyumba za kupanga wakahamishia wake na watoto katika chumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu hivi. Humo walipika, walilala na kuzaa. Humo pia ndimo yalimokuzwa mapambo ambayo leo huuzwa katika maduka ya watalii, yale maua ya waridi na makasri yaliyochorwa kwa rangi kali kwenye milango na ndoo za maji, pamoja na shaba iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Serikali iliwatungia sheria mwaka 1877 na tena mwaka 1884, ikidai mashua zisajiliwe, vyumba vikaguliwe na watoto wapelekwe shule; agizo hili la mwisho lilikuwa gumu kutekelezwa kwa mtoto aliyeamka kila siku katika mji mwingine.

Mfereji wa Stratford una alama za kazi hiyo kila hatua. Madaraja yake mengi madogo yametengenezwa kwa vipande viwili vya chuma vinavyotoka kila ukingo na kukaribiana katikati bila kugusana, na kwenye ufa huo mwembamba kamba ya kukokotea ilipitishwa, hata farasi hakulazimika kufunguliwa. Daraja la Edstone, ambalo ni hori la chuma lenye urefu wa mita 145 linalopitisha mfereji juu ya bonde, ndilo refu kuliko madaraja yote ya maji katika England, bila kuhesabu Wales na Scotland. Njia ya miguu imewekwa usawa wa chini ya hori, kwa hiyo anayetembea huona mashua ikimpita begani. Kuhusu nyumba za walinzi wa malango na paa zake za mviringo, husemwa kwamba mafundi walizoea kujenga matao ya madaraja, wakaezeka nyumba kwa ujuzi waliokuwa nao.

Jinsi mfereji ulivyoachwa ufe

Mwaka 1856 mfereji uliingia mikononi mwa kampuni ya reli, na muda si mrefu reli hiyo ikamezwa na kampuni kubwa ya Great Western. Mmiliki mwenye treni zinazopita sambamba na mfereji wake hana haja ya kuufunga. Anaweza kuacha tope lijae na milango ioze, kisha akaonyesha vitabu vyake vya hesabu na kuuliza mbona hakuna mashua. Kufikia miaka ya 1930 sehemu ya kusini ilikuwa haina biashara ya maana.

Tukio moja la sehemu ya kaskazini linafaa kutajwa kwa sababu lilionyesha mbinu ambayo ingekuja kutumika baadaye. Huko Lifford daraja la kuinuliwa lilikuwa limeharibika, na badala yake likawekwa daraja lisiloinuka, mfereji ukawa umezibwa kivitendo bila kufungwa kisheria. L. T. C. Rolt, ambaye mwaka 1946 alikuwa ameanzisha pamoja na Robert Aickman chama cha kutetea njia za maji za ndani, aliiandikia kampuni ya reli kwamba anakusudia kupita na mashua yake. Haki ya kupita ilikuwa bado hai, na kwa hiyo mwaka 1947 kampuni ililazimika kulinyanyua daraja kwa jeki ili mashua moja ipite. Mwaka uliofuata mifereji mingi ya nchi ilitaifishwa pamoja na reli zilizoimiliki, nao wa Stratford ukawa mali ya tume ya serikali ya uchukuzi.

Kutaifishwa hakukubadili hali ya kusini. Tume ilirithi reli zilizochakazwa na vita, na mfereji wa kijijini uliojaa tope haukuwa na nafasi katika orodha ya mahitaji yake.

Ombi la mwaka 1958

Kilichochochea mgogoro ni daraja la barabara huko Wilmcote, kijiji kilicho maili chache kutoka Stratford. Daraja lilihitaji kujengwa upya. Maadamu mfereji ulikuwa njia ya maji kisheria, daraja jipya lilitakiwa kuacha nafasi ya mashua kupita chini yake, na hilo lina gharama. Mfereji ukifutwa, barabara ingeweza kupita juu ya kifusi. Halmashauri ya kaunti iliona hakuna busara kujenga daraja kwa ajili ya mashua zisizokuwapo, ikaamua kuomba hati ya kuutelekeza mfereji.

Kwa haki, uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Diwani wa mwaka 1958 alikuwa na barabara zinazofurika magari, bajeti ya walipa kodi wa kaunti, na mtaro wa matete ambao wazazi waliuogopa kwa ajili ya watoto wao. Mwaka huohuo kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza njia za maji ilitoa ripoti yake, na mjadala wa nchi nzima ulikuwa kuhusu mifereji gani ifungwe, si gani ifunguliwe. Kosa la halmashauri lilikuwa mahali pengine: haikuthibitisha sharti lililokuwa msingi wa ombi lake lote.

Sharti hilo lilisema kwamba mfereji uwe haujatumika kwa miaka mitatu. Halmashauri ilidai hivyo, na mtu yeyote aliyesimama kwenye daraja la Wilmcote angekubaliana nayo. Lakini wakazi wawili walikuwa wamepita na mtumbwi ndani ya muda huo, tena hawakupita kimyakimya. Walilipa ushuru, wakapewa tiketi zenye tarehe, wakazihifadhi. Tiketi zilipotolewa hadharani, madai ya miaka mitatu yalianguka.

Inafaa kutua hapa, kwa kuwa wasimulizi wengi hulitaja jambo hili kama kichekesho kisha wakaendelea. Kwanza, mtumbwi huelea mahali ambapo mashua ya tani 25 ingekwama baada ya hatua mbili. Kwa hiyo ndicho chombo pekee kilichoweza kutoa ushahidi katika mfereji uliojaa tope. Pili, sheria haikuuliza ukubwa wa chombo wala faida yake. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwangu, ushahidi ulitoka mezani kwa mmiliki mwenyewe. Laiti wawili hao wangepita bila kulipa, kungekuwa na neno la waendesha mtumbwi dhidi ya neno la kaunti. Lakini tume iliyopokea fedha yao na kugonga tarehe haikuweza tena kusema haikujua kama mfereji unatumika.

Sidhani kwamba tiketi peke yake ndiyo iliyomshawishi waziri. Kulikuwa na malalamiko ya wakazi, barua magazetini, na chama cha njia za maji kilichokuwa kimejizoeza kupiga kelele kwa zaidi ya miaka kumi. Tiketi ilikuwa na kazi nyingine: iliondoa njia nyepesi, na baada ya hapo serikali ililazimika kuamua kama inautaka mfereji au haiutaki, badala ya kujificha nyuma ya kifungu cha sheria. Mnamo Mei 1959 ombi la hati lilikataliwa.

Nani aubebe?

Kukataliwa kwa hati hakukuondoa hata ndoo moja ya tope. Mfereji ulikuwa hai kwenye karatasi, umekufa ardhini, na mmiliki wake hakuwa na nia ya kuutengeneza. Walikuwapo watu wenye ari bila mamlaka, yaani wapenzi wa mifereji, na walikuwapo wenye mamlaka bila ari, yaani tume na halmashauri. Pengo hilo lilizibwa na National Trust, taasisi ya hifadhi iliyojulikana kwa majumba ya kale, mashamba na fukwe, na ambayo haikuwa na uzoefu wa kuendesha malango ya maji.

Taasisi hiyo haikununua mfereji. Ilichukua mkataba wa kukodi wa miaka mitano kuanzia Septemba 1960, ikiwa na hiari ya kuumiliki kabisa mwishoni. Naona huu ulikuwa uamuzi wa hekima kuliko inavyosifiwa. Tume iliondokewa na mzigo, serikali ikawa na chombo cha kuaminika cha kupokelea ruzuku, wachangiaji wakawa na jina wanalolifahamu, na taasisi yenyewe ikawa na mlango wa kutokea. Hiyo ilikuwa miaka mitano ya kujaribu. Kasoro ni kwamba jaribio lililopangwa lilihusu kama mfereji unaweza kufunguliwa, na halikugusa kama unaweza kutunzwa.

Kazi ya mikono, 1961 hadi 1964

Fedha zilizokuwapo, ruzuku ya serikali na michango ya watu, hazikutosha kuajiri wakandarasi kwa kazi yote. Msimamizi aliyeteuliwa alikuwa msanifu majengo kutoka Coventry, mtu mwenye mapenzi na mifereji na uvumilivu mdogo kwa vikao. Njia aliyoichukua ilikuwa kukusanya nguvukazi popote ilipopatikana. Walikuja watu wa kujitolea mwishoni mwa juma wakiwa na mabuti ya mpira. Walikuja askari, waliopata humo mazoezi ya uhandisi. Walikuja skauti, na walikuja wafungwa kutoka gereza la Winson Green mjini Birmingham, ambao mchango wao katika kuchimba na kujenga ulikuwa mkubwa.

Kwa nini mchanganyiko huu ulifaa? Kila kundi liliziba udhaifu wa jingine. Watu wa kujitolea wana moyo lakini hawapatikani Jumanne asubuhi. Wafungwa walipatikana siku za kazi. Askari walikuwa na vifaa na nidhamu ya kumaliza kazi iliyopangwa. Msimamizi alikuwa mmoja, mwenye sauti ya mwisho papo hapo, hata jambo la mbao au zege halikusubiri kikao cha mwezi ujao. Malango yalivuliwa milango iliyooza na kuvishwa mipya, kuta zilizobomoka zikajengwa, na tope la miongo likatolewa katika mfereji wote.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba kazi iliyotegemea bidii ya mtu mmoja haikuacha utaratibu ambao mtu wa pili angeurithi kwa urahisi. Nami sioni sababu ya kuupita haraka ule mchango wa wafungwa, kama zinavyofanya hotuba nyingi za mifereji. Wapo waliosema baadaye kwamba hewa ya nje na kazi yenye matunda yanayoonekana viliwafaa, na huenda ni kweli. Lakini mfungwa hana uhuru wa kukataa sawa na wa karani aliyekuja Jumamosi, na hesabu ya gharama inayomweka katika safu ya waliojitolea imeandika neno ambalo si lake.

Tarehe nayo ilifanya kazi. Mwaka 1964 ulikuwa wa 400 tangu Shakespeare azaliwe, na Stratford ilikuwa na uhakika wa wageni na magazeti. Mnamo tarehe 11 Julai mwaka huo, Malkia Elizabeth, mama wa malkia aliyekuwa madarakani, aliufungua mfereji mbele ya kundi la mashua zilizokusanyika mjini. Mtu aliyewahi kusimamia mradi anajua nguvu ya tarehe isiyoweza kusogezwa, na anajua pia kwamba siku kama hiyo hupimwa kwa kinachoonekana kutoka jukwaani.

Kilichofuata

Kwa miaka kumi mfereji uliofunguliwa uliishia pasipo na njia ya kuendelea, kwani mto Avon chini ya Stratford haukupitika kwa mashua. Msimamizi yuleyule aliuhamia mto, akatumia mbinu zilezile na kujenga malango mapya, na mwaka 1974 Avon ya juu ikafunguliwa. Tangu hapo mashua iliweza kushuka Stratford, kufuata Avon hadi Severn, kupanda Worcester na kurudi Birmingham bila kugeuza. Mzunguko huo ndio uliokamilisha thamani ya kazi ya 1964, jambo linaloonyesha kwamba mfereji mmoja hauwezi kupimwa peke yake.

Harakati nazo zilipata mfano. Kabla ya Stratford, kufufua mfereji uliokufa kwa mikono ya watu wa kawaida kulionekana ndoto ya wenye pesa na muda wa kupoteza. Baada yake, makundi yalizuka katika kaunti nyingi, na mwaka 1970 likaundwa kundi la kuratibu watu wa kujitolea wa mifereji nchi nzima.

Gharama, hata hivyo, hazikwisha siku ya ufunguzi. Sheria ya Uchukuzi ya 1968 iliipa mifereji ya burudani iliyokuwa chini ya bodi ya umma ulinzi wa matunzo, lakini kipande cha Stratford kilikuwa nje ya bodi hiyo. National Trust ilikitunza kwa ushuru wa mashua na fedha zake yenyewe, na tarehe 1 Aprili 1988 kikakabidhiwa kwa British Waterways, yaani kikarudi kwa mrithi wa tume ileile iliyokuwa imekitoa. Mwaka 2012 njia hizo za maji ziliingia mikononi mwa shirika la hisani, Canal & River Trust, ambalo ndilo linalokitunza hadi leo.

Uchambuzi: kilichofaa

Haki ya kupita ililindwa kwa kutumiwa. Wahifadhi wengi huanza na uzuri wa kitu, yaani picha za madaraja, historia ya mafundi, majina makubwa. Huko Warwickshire uzuri ulikuwapo tangu 1816 na haukuzuia chochote. Kilichozuia ni matumizi madogo, halali na yenye kumbukumbu. Mbinu ya Lifford ya 1947 na ya mtumbwi wa miaka ya 1950 ni moja: mtu anaitumia haki mbele ya mwenye wajibu, kwa maandishi, kabla haki haijasahauliwa. Atakayengoja hadi ombi la kufuta litolewe ndipo atafute ushahidi atakuwa amechelewa kwa miaka mitatu.

Kukodi badala ya kununua kulifaa, kama nilivyoeleza. Na uamuzi wa kufungua kipande chote, badala ya kutengeneza malango mawili matatu karibu na mji kwa ajili ya watalii, ulikuwa sahihi japokuwa ulikuwa wa gharama zaidi, kwani mfereji uliofunguliwa kwa asilimia 90 tu bado haupitiki kwa mashua.

Uchambuzi: kilichokosewa

Mlango wa lango la maji hutengenezwa kwa mwaloni, na mwaloni uliolowa upande mmoja na kupigwa jua upande mwingine hudumu miaka 25 hivi. Milango ya Stratford iliwekwa kwa wingi kati ya 1961 na 1964. Mfereji uliojengwa na kukarabatiwa polepole huwa na milango ya umri tofauti, na kila mwaka michache hubadilishwa. Mfereji uliofufuliwa kwa mkupuo mmoja huzeeka kwa mkupuo mmoja. Ukijumlisha miaka 25 unafika karibu kabisa na mwaka wa makabidhiano. Sidai kwamba milango pekee ndiyo iliyoamua, kwani yalikuwapo pia mabwawa, kingo na madaraja, lakini hesabu hiyo inaonyesha ugumu wenyewe ulivyokuwa. Wachangiaji wa 1961 walipewa lengo lenye mwisho, nao walilifikia. Hakuna aliyeombwa kuchangia milango ya pili, ambayo haina malkia wala bendi.

Kosa la pili halina bei. Majira yaleyale ambayo wapenzi wa mifereji walikuwa wakizoa tope huko Wilmcote, wenye mashua wa kweli walikuwa wakipoteza kazi. Baridi kali ya 1962 na 1963 iligandisha mifereji kwa wiki nyingi, mizigo ikahamia barabarani, na mwaka 1963 bodi ya umma iliacha kuendesha sehemu kubwa ya mashua zake za mizigo. Katika kaunti hiyohiyo ya Warwickshire, mashua nyembamba ziliendelea kupakia makaa karibu na Atherstone na kuyapeleka kiwanda cha jemu cha Southall, magharibi mwa London, hadi mkataba huo ulipokoma mwaka 1970. Ilikuwa miongoni mwa safari za mwisho za kawaida za mizigo ya masafa marefu kwa mashua za aina hiyo. Sherehe ya Stratford ilikuwa na umri wa miaka sita.

Harakati zenyewe zilikuwa zimegawanyika kuhusu jambo hili mapema. Rolt alijali sana maisha ya familia za mashuani na alitaka nguvu zielekezwe kwenye mifereji iliyokuwa bado na uhai wa kazi. Aickman alitaka kila maili ipiganiwe. Mwaka 1951 Rolt alifukuzwa katika chama alichosaidia kukianzisha. Stratford ilionekana kumpa Aickman ushindi, kwa sababu kipande kisicho na mashua hata moja kilirudi. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi nusu. Maji na matofali viliweza kungoja miaka 30 na kufufuliwa, lakini ujuzi wa mtu anayejua kuongoza mita 21 za mbao zilizojaa makaa kwenye kona yenye upepo hauwezi kungoja hivyo. Ungehitaji kuajiriwa wakati ungalipo, hata kwa kubeba mbao na matofali ya ukarabati wenyewe.

Matokeo yanaonekana kwenye yale madaraja yaliyopasuliwa. Ufa wa katikati ulikuwa kifaa cha kazi, sawa na tundu la sindano. Leo mashua za chuma zenye injini na mapazia hupita chini yake, abiria huuliza ufa ni wa nini, na jibu husomwa ubaoni.

Uamuzi ambao ungeweza kuwa tofauti

Nikirudishwa kwenye meza ya Septemba 1960, sibadili mkataba wala msimamizi. Naongeza mambo mawili katika ile miaka mitano. La kwanza ni mfuko wa milango, unaotengwa kutoka kila mchango kabla ya fundi wa kwanza kulipwa, pamoja na mpango wa kubadilisha baadhi ya milango mapema kwa makusudi ili umri wake utofautiane. La pili ni mikataba midogo ya kubeba vifaa kwa familia chache za mashuani kutoka mfereji wa Coventry, zilizokuwa bado zinafanya kazi katika kaunti hiyohiyo. Hakuna kati ya haya lililohitaji maarifa ambayo hayakuwapo: umri wa mwaloni majini ulijulikana kwa kila seremala wa mifereji, na hesabu ya milango ambayo ingekuja kudaiwa miaka ya 1980 ingeweza kufanywa kwa penseli nyuma ya tiketi ya mtumbwi.